Macho ya Chumba cha Eksirei

Jumatano asubuhi, Chepkemboi wa Olenguruone alimeza tembe yake ya mifupa kwa glasi nzima ya maji, akasimama mlangoni nusu saa bila kujilaza, kama alivyoagizwa, akimtazama mwanawe Kipkemei akikamua ng'ombe. Ilikuwa wiki ya tano tangu aanze dawa hiyo. Macho yake yalikuwa mekundu, yakiuma, na mwanga uliyachoma. Aliona mbavu za Kipkemei chini ya sweta.

"Hii ya kushoto ilivunjika lini?"

"Ng'ombe alinipiga teke mwaka jana. Sikutaka kukusumbua, mama."

Wakaenda hospitali, Nakuru. Kliniki ya mifupa ilisema macho si yake. Kliniki ya macho ilisema huo ni uvimbe wa ndani ya jicho, umeletwa na dawa, na dawa ni ya kliniki ya mifupa. Kwenye foleni, Chepkemboi alimwambia fundi kutoka Bahati aliyeanguka kutoka kwenye paa kwamba mkono wake umepasuka mahali pawili. Ilikuwa kweli.

Mashine ya eksirei ilikuwa imekufa miaka miwili. Kosgei, msimamizi wa hospitali, alimpa Chepkemboi kiti ndani ya chumba cha mashine hiyo na koti jeupe.

"Na macho yake?" Kipkemei aliuliza.

"Tunayategemea sana."

Winrose, msichana wa dirisha la dawa, alimwambia pembeni, "Kogo, bibi yangu, acha hizo tembe, utapona. Kuna dawa nyingine ya mifupa."

Aliacha wiki tatu. Maumivu yakapungua, akaona mashati tu. Foleni ikafika geti. Kosgei akapanda mwenyewe hadi Olenguruone na pakiti mpya. Hakumlazimisha. Alimweleza tu kuhusu mtoto kutoka Njoro aliyefungwa plasta kwenye mguu usiovunjika. Chepkemboi akaomba maji.

Wakaguzi walikuja, wakaandika kwamba huduma ya eksirei ipo na haitumii umeme. Mashine mpya ikaondolewa kwenye bajeti. Kufikia Krismasi jicho lake la kushoto lilikuwa limezima.

Kosgei akabandika tangazo: kwa chumba cha eksirei, anatafutwa mwanamke wa miaka sitini na zaidi, mwenye mifupa dhaifu. Walikuja kumi na tisa. Chepkemboi aliwapima mmoja mmoja kwa jicho lililobaki.

"Mifupa yako ni mizuri," alimwambia kila mmoja kwa sauti. "Rudi nyumbani."

Kwa kumi na mmoja haikuwa kweli. Hao aliwanong'oneza wapitie dirishani kwa Winrose.

Kosgei alimshukuru kwa umakini wake, akamwongezea mkataba wa mwaka mmoja.