Stuli ya Wifi

Kazi ya tanuri ilikuwa ya Tajiri peke yake. Tulimwita Tajiri kwa sababu mgahawa wa piza ulikuwa wake, si kwa sababu ya viatu vyake. Wiki ile alikuwa anasafiri kwenda kumwoza binti yake, na kabla ya kuondoka aliniita, mimi muosha vyombo, akaniambia nitashika tanuri usiku mmoja. Mambo yakienda vizuri, nitabaki nalo. Yakiharibika, ataajiri fundi na mimi nitarudi kwenye sinki. Nilimshukuru Mungu njia nzima hadi darasani, maana nilikuwa nasoma masomo ya jioni ya watu wazima kabla ya zamu.

Aliyekuwa akikanda unga pale ni wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Yeye ndiye aliyeniombea kazi, na hakunipa nafasi ya kulisahau hilo. Aliniita Mwanafunzi. Alikuwa na stuli yake ya mbao, mguu mmoja mfupi kidogo, aliyochongewa na baba yake. Hakuna aliyethubutu kuikalia. Mhudumu aliwahi kuweka mfuko wake juu yake, akaja kuukuta nje kwenye mvua.

Tanuri letu lina kawaida yake. Tukifunga alfajiri, tunaliacha wazi mpaka matofali yapoe kiasi, ndipo tunapanga ndani kuni za kesho zikauke kwa joto lililobaki, kisha tunafunga mlango. Alfajiri ya kuamkia siku yangu, wifi aliniambia niende nikalale kwa sababu jioni nilikuwa na mtihani. Kuni angezipanga yeye. Niliona ajabu, lakini nilikwenda.

Nilipotoka kwenye mtihani nilikwenda kufungua mlango wa tanuri. Kuni zote zilikuwa nyeusi. Wifi alizipanga mapema mno, matofali yakiwa bado na moto mkali, naye akafunga. Kwa kukosa hewa hazikuwaka, zikageuka mkaa mtupu. Nje, rundo letu zima lilikuwa limelowa, maana mvua ilikuwa imenyesha tangu mchana.

Wifi alikuja kusimama nyuma yangu, akatazama, akaanza kuusogeza mkaa katikati.

Tuliwasha mkaa hivyo hivyo. Mkaa una joto, lakini piza inataka pia mwali unaopita juu na kuivisha jibini. Piza ya kwanza ilitoka imeungua chini, juu nyeupe kama ilivyoingia. Ya pili ikawa vilevile. Wauguzi waliotoka zamu walikuwa wameshakaa mezani, na mhudumu akaja kuuliza awaambie nini. Nikamwambia awape maji kwanza.

"Mwanafunzi," wifi akasema, "huko kwa mwalimu wako mkaa hauna somo?"

Lakini sauti yake haikuwa ile ya kila siku.

Niliingia stoo, nikapiga magoti kati ya magunia ya unga. Sikuwa na maneno mengi. Nilisema, Mungu wangu, umenifikisha hapa katika umri huu, usinirudishe kwenye sinki. Na kama ni sinki, basi nipe moyo wa kushukuru hata kwa hiyo. Nilikuwa bado nimefumba macho niliposikia shoka.

Nilitoka mbio. Wifi alikuwa uani chini ya bati, ameipindua stuli yake, miguu miwili imeshatoka.

"Wifi, hiyo ni ya baba."

"Baba alichonga vitu vingi," akasema bila kuinua kichwa. "Usinisimamie hapo kama mgeni. Peleka hii, na zile zilizolowa zipange kando ya mkaa zikauke."

Mti ule mkavu wa miaka mingi ulishika mara moja. Mwali ukapanda, ukajikunja juu ya matofali, na jibini ikaanza kutokota. Tulikwenda hivyo, mguu mmoja kwa piza mbili, huku kuni zilizolowa zikifuka mvuke pembeni. Kikalio tulikiweka mwisho. Kilipokaribia kuisha, gogo la kwanza lilipasuka kwa kishindo, likawaka. Wifi akasema afadhali, maana kilichobaki ni mwiko wake, na huo asingemtolea hata malaika.

Wauguzi waliagiza tena. Magogo mengine yakafuata, moja baada ya jingine, na tukapika mpaka alfajiri.

Tajiri aliporudi alisikiliza habari kwa mhudumu kwanza, kisha akanijia, akala kipande akiwa amesimama, akaniambia niendelee na tanuri. Halafu akauliza stuli iko wapi. Nilipofungua mdomo, wifi aliniwahi.

"Ilikuwa na mguu mfupi," akasema, akaendelea kukanda.

Kwa miaka mingi katika sala zangu nilikuwa nikiwataja watu wangu mmoja mmoja, halafu namalizia kwa kusema, na wengine wote. Wifi alikuwa katika wengine wote. Siku hizi naanza na yeye.

Nimemwekea kreti, juu nimekunja gunia la unga. Anasema linamwasha. Juzi mhudumu alitaka kulikalia, akafukuzwa.