Chai Isiyovuta Sisimizi

Kama una mtoto aliyefanyiwa operesheni ya kupunguza tumbo, na jikoni umeweka vile vidonge vya kutia utamu badala ya sukari, kaa kidogo usikie yaliyompata Sitara wa Mtaa wa Mchikichi. Hayakuanza kwa ubaya. Yalianza kwa mapenzi, na mapenzi ndiyo yaliyoshika kijiko.

Sitara alikuwa muuza viungo pale Kariakoo. Iliki, karafuu, mdalasini, tangawizi kavu, vyote alivijua kwa pua kabla ya macho. Mteja akimwambia, "Bi Sitara, maziwa yangu yameungua na wageni wako njiani," alimchanganyia kitu kwenye kikaratasi, na wageni wakanywa wakasifu. Kufukia ladha mbaya ndiko kulikompa jina sokoni.

Mumewe Uledi alikuwa kuli bandarini. Ugonjwa wake hawakuugundua madaktari, waliugundua sisimizi. Asubuhi moja Sitara aliwakuta uani wamejipanga pale mumewe alipokojoa, wazee wakasema hiyo sukari, na kweli ilikuwa sukari. Ikamla kidole, ikamla mguu. Siku zake za mwisho alilia apewe soda, analia kama mtoto mdogo, nduguye akamhurumia akampa. Usiku ule akalala, hakuamka. Kama ni soda iliyomuua au siku zake zilikuwa zimefika, Mungu ndiye ajuaye, ila Sitara aliweka moyoni kwamba ni soda. Tangu hapo neno sukari alilisikia kama mwenye nyumba ya makuti anavyolisikia neno moto.

Walibaki yeye na Mboni, binti yake wa pekee, karani kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Mboni alikuwa na mwili mkubwa, mkubwa wa kuumiza magoti na kukata pumzi ngazini, kisha vipimo vikaonyesha na yeye sukari imeanza kupanda. Madaktari wakashauri operesheni. Wakalifanya tumbo lake dogo kama yai, wakaunganisha utumbo upya. Mwili ukashuka, magoti yakapona, sukari ikatulia. Mtaani wakanong'ona kwamba kaungua, ana ugonjwa ule wa kukondesha. Jirani yao Chiku, anayekaa nyumba ya pili, ukuta kwa ukuta, alimsikia mmoja akamjibu palepale, "Mwenzio kakatwa tumbo. Na wewe nenda wakakukate ulimi, utapungua."

Siku za kliniki Mboni aliingia kwa daktari peke yake, mama akabaki kwenye benchi na mikoba. Mboni alikuwa amechoka kubeba hofu ya mama yake juu ya yake mwenyewe. Akitoka husema kwa kifupi tu, "Sukari hapana, mama." Mengine aliyoambiwa alibaki nayo.

Na Sitara akalibeba hilo moja. Sukari yote iliyokuwa ndani akaipeleka madrasa, kopo akalisugua mpaka likang'aa. Jioni yake Chiku akaja na kikombe chake, kama walivyozoea kuazimana tangu watoto wakiwa wadogo.

"Shoga, nigaie sukari, wageni wamenikalia."

"Sukari haikai tena nyumba hii."

"Imehamia wapi?"

"Sina utani, Chiku."

"Na mimi sina. Nina wageni." Akasimama kidogo pale mlangoni na kikombe kitupu, kisha akaenda dukani. Hakuja tena kuazima kitu.

Sitara akaanza na pipi za dukani zilizoandikwa hazina sukari. Mboni akazila ofisini kama karanga, tumbo likamwendesha mchana kutwa, hadi bosi wake akauliza ameajiri karani au mlinzi wa choo. Nesi akamwambia utamu wa zile pipi ni wa namna nyingine, ukizidi unavuruga tumbo, hasa lililokatwa. Zikatupwa. Vikabaki vile vidonge vidogo vya kutia kwenye chai. Hivyo havikumsumbua. Vilikuwa tu na mkia wa uchungu mwishoni, na mkia huo Sitara akaufukia kwa iliki na mdalasini, na tangawizi ya kuushtua ulimi. Akajaribu mara kadhaa mpaka akaipata.

Mboni akaonja akacheka. "Mama, hii ukimpa mtu hajui."

Jikoni hapakuonekana tena sisimizi. Chai ikimwagika inakauka pale pale pasipo mdudu kuja. Sitara akipita anatazama, moyo unatulia.

Mwaka ukapita na zaidi. Jumamosi moja Mboni akaenda harusini Magomeni, kwa rafiki yake. Alikula biriani vijiko vichache, lakini bibi harusi akamshikia glasi ya juisi ya miwa mdomoni, watu wanapiga vigelegele, angekataaje? Akainywa yote. Alirudi alasiri. Sitara alikuwa jikoni anapepeta iliki, akamwona anaingia ameshika ukuta, dera limelowa jasho mgongoni.

"Mama, nipe sukari."

"Nini?"

"Sukari. Kijiko kimoja, weka hata kwenye chai. Natetemeka."

Sitara alimtazama mikono. Ilikuwa inatetemeka kweli. Lakini hakuiona mikono ya Mboni, aliiona ya Uledi inayoomba soda. Akajua, au alidhani anajua, kwamba sukari imempanda na sasa inamwita, kama ilivyomwita baba yake. Akasema moyoni, safari hii sitoi. Kumkatalia aliona atalia, na kilio kile hakukitaka tena masikioni. Basi akachukua chai ya birikani, akatia vidonge, akatia iliki, akakoroga kwa kelele kama mtu anayekoroga sukari nyingi.

"Umetia?"

"Nimetia."

Mboni akanywa chote, macho kayafumba, kama mtu aliyemeza dawa akaisubiri. Alikaa kwenye kigoda. Jasho halikukatika.

"Ongeza, mama. Bado."

Sitara akaongeza. Kikombe cha pili alikitia vidonge zaidi, kikawa kitamu kupita halua. Mboni akanywa. "Tamu," alisema, "mbona haifiki?" Ulimi ulikuwa umeanza kuwa mzito. Kisha akamwuliza mama yake kama kontena limeshatoka, akamwita Vitalis, jina la bosi wake. Kikombe kikamponyoka. Akaanguka ubavu, miguu ikipiga sakafu.

Sitara alibaki na kijiko mkononi. Baadaye watu walimwuliza alipiga kelele namna gani, alimwita nani. Hakupiga kelele. Hakuogopa wala hakulia. Alisikia tu kama mtu ameufunga mlango ndani yake taratibu na kuondoka na ufunguo. Aliangalia chai inavyotambaa sakafuni kuelekea kwenye ungo wa iliki, akafikiri kwamba iliki italowa.

Ni mlio wa kikombe uliomleta Chiku. Aliangalia mara moja, akatoka mbio na khanga moja, akarudi na bajaji hadi mlangoni. Wakambeba.

Hospitali wakamchoma kidole, wakaangaliana. Sukari ilikuwa imeshuka, chini kabisa. Wakamtundikia dripu ya sukari, na haukupita muda Mboni akafumbua macho akauliza viatu vyake viko wapi. Chiku akacheka huku machozi yanamtoka. "Ameamka karani. Anahesabu mizigo." Sitara alisema alhamdulillahi. Aliisikia sauti yake ikiisema.

Jioni akaja daktari, kijana mmoja mpole, Theophil.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akamgeukia Mboni. "Dada, si tulikufundisha? Ukijisikia hivyo unalamba sukari kidogo ya kweli, halafu unakula."

"Nilifanya hivyo, daktari. Nilikunywa vikombe viwili vya chai ya sukari. Mama alinitilia mwenyewe."

Daktari akaacha kuandika. "Vikombe viwili? Na bado ikashuka hivi?"

"Bado."

Akafunua kurasa za faili nyuma na mbele. Kisha akasema kama ni hivyo basi tatizo ni kubwa kuliko alivyofikiri. Sukari ya mdomoni haimsaidii tena. Kesho ataita wenzake. Watapima zaidi, na huenda wakalazimika kumfungua upya kutazama ule utumbo waliounganisha. Alisema kwa upole. Mboni akavuta shuka hadi kidevuni. "Kunikata tena?" aliuliza. Daktari akasema hajasema hivyo bado, akatoka kuona wagonjwa wengine.

Sitara naye akatoka, akakaa koridoni. Chiku akaja akakaa ubavuni mwake, wakatazama ukuta.

"Shoga," Chiku akasema, "nyumba yenu ina sukari tangu lini?"

Sitara akanyoosha ushungi wake.

"Mimi nilirudishwa na kikombe mlangoni, nakumbuka. Sijakuja kudai hilo. Nauliza tu, kwa sababu nimesikia watamfungua."

"Nilidhani imempanda."

"Najua ulidhani."

"Akilala ataamka ameisahau hiyo chai."

"Atasahau. Kisu hakitasahau." Chiku akaikunja khanga magotini. "Mimi simwambii daktari. Kinywa kilichosema nimetia ndicho kitakachosema sikutia."

Sitara alijitafuta ndani aone kama kuna aibu, kama kuna woga. Hakukuta kitu, palikuwa kama chumba kilichohamwa. Labda ndiyo sababu aliweza kusimama. Akamfuata daktari hadi kitanda cha mgonjwa mwingine, akamgusa mkono wa koti, akamwomba arudi kwa Mboni, maana alitaka kusema mbele ya mwanawe.

"Haikuwa sukari," akasema. "Ni vile vidonge. Sukari hatuna nyumbani."

Daktari alimtazama, akashusha pumzi ndefu ya nafuu. "Mama, umeniokolea kazi kubwa." Akavuta kiti akaeleza taratibu, na haya ndiyo ya kushika wewe unayesoma. Alisema vile vidonge si sumu; kwa kiasi Mboni anaweza kuendelea navyo kwenye chai yake ya kawaida. Ila tumbo lililokatwa hivi linasukuma vitu vitamu haraka mno, kama ile juisi ya miwa, mwili unashtuka, na baadaye unaishusha sukari kupita kiasi. Hapo vidonge havina kazi. Vinaudanganya ulimi, damu haidanganyiki. Kama mgonjwa bado anajitambua na anameza, apewe sukari ya kweli kidogo, akipata nafuu ale chakula, kisha aletwe aonwe. Kama hajitambui, asitiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali.

"Basi hakuna kumfungua," akamaliza. "Tutarekebisha chakula chake kwanza."

Alipoondoka, Mboni alikuwa anaangalia dripu inavyodondoka.

"Vyote viwili?" akauliza.

"Vyote viwili."

"Hata cha pili? Nilipokwambia bado?"

"Hata cha pili."

Mboni akageukia ukutani. Sitara akamfunika miguu, na miguu ikavutwa pole pole chini ya shuka.

Walirudi nyumbani. Mboni hakubadilika adabu. Asubuhi anamwamkia mama yake, mshahara ukitoka anamnunulia dera. Lakini chai anajichemshia. Sitara akisahau akamwekea kikombe, Mboni anasema, "Asante mama, weka hapo," na kikombe kinakaa mpaka kinafanya utando. Iliki inanukia nyumba nzima, hakuna anayekunywa.

Sokoni Sitara anaendelea kuuza. Mama yeyote akija kuuliza habari ya vidonge vya utamu kwa mgonjwa wake, Sitara anamweleza aliyoyasema daktari, yote, hata kama wateja wamejipanga nyuma. Kisha anaongeza la kwake: "Ingia naye kwa daktari, usikae kwenye benchi. Na kama hukutia, usiseme umetia." Analisema kama anavyotaja bei ya karafuu.

Siku moja alinunua sukari, akaijaza kwenye lile kopo, akaliweka kwenye rafu ya chini, mahali ambapo hata mtu anayetambaa angelifikia. Akamwambia Mboni, "Sukari hiyo hapo. Ya kweli."

"Sawa, mama."

Kesho yake alfajiri Sitara alikuwa uani anatawadha. Akamwona Mboni, tayari amevaa nguo za kazini, amechuchumaa kwenye kizingiti cha jikoni na kopo mapajani. Alichota kidogo kwa ncha ya vidole, akainyunyiza sakafuni, akasubiri. Wala hakuonja. Alikuwa ameshajua kwamba ulimi wake si wa kuaminiwa.

Akatokea sisimizi mmoja kwenye ufa wa ukuta. Akazunguka, akagusa, akarudi alikotoka. Punde wakaja wengi, kwa mstari.

Mboni akafunika kopo, akalirudisha kwenye rafu, akachukua mkoba wake.

"Kwaheri, mama."

"Kazi njema."

Sitara akachuchumaa pale pale alipokuwa mwanawe. Sisimizi walikuwa wanabeba chembe moja moja kuelekea ufani. Akawatazama, maji ya udhu yanamkauka mikononi, akisubiri ajisikie kitu.