Kikao cha Kwanza cha Hainashida

Mume wangu ni kinyozi, na mtaani wanamwita Hainashida. Jina kalitafuta mwenyewe. Ukikaa kwenye kiti chake ukasema mvua imezidi, atakwambia kweli kabisa. Akija mwingine akalalamika kwamba mvua hakuna, haina shida, kweli kabisa. Siku moja nilimuuliza kama ana msimamo wowote duniani. Akanijibu kwamba mtu aliye chini ya wembe habishiwi, maana akigeuka ghafla unamkata sikio.

Mimi nauza viatu sokoni, na kule ukinyamaza unarudi nyumbani na mzigo wako. Ndiyo maana wazazi wa darasa la viziwi walipotakiwa kuchagua mjumbe wa kuwawakilisha kwenye bodi ya shule, walinikwepa mimi wakamchagua yeye. Walisema mama yule ana mdomo, atatugombanisha na watu. Nilipata kura yangu na ya mume wangu.

Binti yetu yuko kwenye darasa hilo. Amezaliwa kiziwi, ana miaka tisa, na hadi leo hapati usingizi mpaka amtupie mtu mguu. Sasa bodi ilitaka darasa lao lifungwe, chumba kiwekwe kompyuta, na watoto wahamishiwe shule ya bweni iliyo mji mwingine, wawe wanarudi kwao likizo tu. Nilipoisikia habari hiyo viatu niliviacha kwenye gunia, sikuvipanga mezani siku hiyo.

Wiki nzima Hainashida alifanya mazoezi mbele ya kioo cha saluni. "Mwenyekiti, napinga." Anasema, anakohoa, anarudia. Mteja mmoja aliyekuwa ananyolewa ndevu alishtuka akashika kidevu. "Unapinga nini tena, kaka? Si nimesema punguza tu?"

Kikao kilifanyika Jumamosi asubuhi kwenye chumba cha walimu. Meza zilikuwa zimeunganishwa katikati na kufunikwa kitambaa, kila mjumbe na chupa yake ya maji, na feni ya juu ilikuwa inalia kila ikizunguka. Wazazi wengine tunaruhusiwa kukaa nyuma tusikilize, ila kusema ni kwa wajumbe peke yao. Nilikaa karibu na kabati la vitabu. Binti yetu nilikuja naye kwa sababu sikuwa na wa kumwachia, nikamkalisha pembeni yangu na penseli zake za rangi.

Mwenyekiti wa bodi ni mwenye duka la dawa, mtu mwema mwenye sauti nzito, na bahati mbaya ni mteja wa mume wangu wa kila Ijumaa. Mwalimu mkuu alisoma hoja ya kulifunga darasa, taratibu, bila kuinua macho. Alipomaliza, mwenyekiti akaeleza kwamba hoja haijadiliwi mpaka ipate mjumbe wa kuiunga mkono, na ikimkosa inafia hapo hapo mezani. Akazungusha macho, yakatua kwa kinyozi wake. Akamuuliza kwa sauti ile ile anayoagizia nywele za pembeni zishushwe kidogo:

"Twende hivyo, au siyo?"

"Ndiyo, mwenyekiti, haina shida," akasema mume wangu. "Naunga mkono."

Jamani! Niliuma mkanda wa mkoba wangu nisipige kelele. Mwanamume kaacha kazi yake, kavaa shati la harusi, kaja kumtoa mtoto wake nyumbani kwa mdomo wake mwenyewe. Nilimwona naye kashtuka. Akatazama chupa ya maji kana kwamba ndiyo iliyosema.

"Vizuri sana," mwenyekiti akasema. "Kwa utaratibu wetu, aliyeunga mkono ndiye anaanza kutoa maelezo. Karibu, kaka."

Hainashida akasimama. Maneno ya kwenye kioo yote yalimkimbia, ningeapa niliyaona yakitokea dirishani. Alikohoa. Feni ikalia. Binti yetu akaacha kuchora, akanitazama usoni, halafu akamgeukia baba yake na kumuuliza kitu kwa mikono, upesi kuliko ninavyoweza kufuata. Na yeye, mbele ya bodi nzima, akaanza kumjibu kwa mikono.

"Kaka, tunakusubiri," mwenyekiti akasema.

"Samahani, mwenyekiti. Huyu ni mwanangu. Anauliza mama yake kakasirikia nini."

Watu wakacheka, wakanigeukia. Nikatazama kabati.

"Mwambie basi, tuendelee."

"Nimwambie nini?"

Mume wangu akasubiri kweli, kama mtu anayetaka kuelekezwa. Kisha akashika kiti kwa nyuma.

"Nimwambie nimekubali aondoke nyumbani? Hajui kama tunamjadili yeye, anadhani tumekuja kulipia sare. Wazee wangu, mimi mnanijua. Kuongea siwezi. Huko kazini ni ndiyo, kweli, haina shida, basi siku imeisha. Lakini nikifika nyumbani huyu ananikalisha. Ananisimulia nani kaanguka, nani kapendwa na mwalimu, na mimi namsimulia vichwa vyote nilivyonyoa. Tunaongea mpaka chakula kinapoa, mama yake anatugombeza. Mtu ninayeongea naye hapa duniani ni huyu." Akamnyooshea mkono binti yetu. "Mkimpeleka, mimi nitaongea na nani? Nimekosea, mwenyekiti. Nimezoea kukukubalia. Naomba nirudishe neno langu."

Nimeishi na mtu huyu chumba kimoja miaka yote hiyo nikidhani ukimya wake ni tabia aliyozaliwa nayo. Kumbe maneno anayo tele, ana mahali anapoyapeleka. Niliona wivu, sitaficha, na papo hapo nikampenda kuliko siku aliponioa.

Mwenyekiti alivua miwani akaifuta kwa tai yake. Halafu akauliza kama kuna mjumbe mwingine wa kuiunga mkono hoja. Mmoja alikunywa maji. Mwingine alipata kitu cha kuokota chini ya meza. Mwalimu mkuu, ambaye alizitaka sana zile kompyuta, aliweka kalamu chini na kusema kwamba stoo ya majembe na fagio nayo ina umeme, ikisafishwa itafaa.

"Basi hoja imeanguka," mwenyekiti akasema. "Darasa linabaki. Kaka, sasa mwambie."

Akamwambia. Binti yetu aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa habari ya kawaida, akarudi kwenye mchoro wake.

Kikao kilipofungwa tulitoka watatu mpaka nje ya geti. Mimi nilikuwa nimeshaanza kumtania mume wangu kuhusu lile shati lililolowa jasho. Binti akatusimamisha. Akamuuliza baba yake swali refu, huku ananichungulia kwa pembeni.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema mimi nilisimama nikasema nataka abaki. Wewe ulinyamaza muda wote, umenuna. Anauliza kama na wewe ulitaka abaki."

Mdomo ulikuwa tayari. Nilikuwa na maneno ya kujaza soko zima, nimpe baba yake ampelekee kama kawaida yetu. Nikaangalia lile jicho linalonisubiri, nikatua mkoba chini. Mikono yangu inajua ishara chache tu za nyumbani: kula, oga, lala, njoo, acha. Nikachuchumaa mbele yake nikazitumia zilizokuwepo. Wewe. Kula, nyumbani. Lala, nyumbani. Mimi na wewe. Nikakosa ishara ya "siku zote", nikarudia lala, lala, lala, mpaka machozi yakanizuia kuona vidole vyangu.

Akavikamata. Akanyoosha kimoja nilichokuwa nimekikunja vibaya, akanionyesha ishara inavyotakiwa, akasubiri nirudie.