Kishikwambi cha Kumzuia Kristina

Mambo yaliharibika Jumatatu ya tarehe tatu Machi, mwaka 2025, asubuhi, Laurenti akiwa juu ya lori huko Mgeta anapanga kabichi. Lori lilishageuzwa kwenye tope, pua imeelekea mjini, mzigo wenyewe unakwenda Dar. Akasikia mtu anagonga bodi ya lori kama anayebisha hodi.

"Shikamoo, mzee Laurenti. Nipokelee godoro."

Alikuwa mwalimu Abel, mwalimu wa hesabu wa sekondari ya kata. Wala usidhani walikuwapo wengine. Ni huyohuyo.

"Marahaba. Godoro unalipeleka kutibiwa?"

"Nimehamishwa, mzee."

"Na anayekuja badala yako yuko kwenye lori gani?"

Mwalimu akacheka kile kicheko cha mtu ambaye barua yake iko mfukoni. "Wakubwa wamesema tusubiri."

Laurenti akalipokea godoro, akalilaza juu ya kabichi, akashuka bila kuaga. Tusubiri! Wakubwa wana dawa moja kwa kila ugonjwa. Barabara imekatika, subirini. Rehema mkewe alipozidiwa, gari la wagonjwa liko gereji, subirini. Wanaume wakambeba kwa machela ya miti, wanateleza naye kwenye vijia vya mteremko, na Rehema hakusubiri. Tangu siku ile neno hilo likitamkwa mbele yake, Laurenti huondoka bila kuaga.

Mtoto wao ni mmoja tu, Kristina, kidato cha nne. Mtihani wa taifa Novemba. Hesabu ndizo zilizokuwa zikimsumbua, na mwenye hesabu ndiye huyo anateremka na kabichi.

Habari mbaya hazihitaji lori. Jumapili iliyofuata, watu wametoka misa, Gabrieli akapanda kutoka mjini. Gabrieli ni kaka yake marehemu Rehema, ana duka la vipuri vya pikipiki karibu na stendi ya Msamvu. Alifika amechafuka tope mpaka magotini, akapewa kiti, akapewa chai, akainywa yote ndipo akasema.

"Shemeji, nimekuja kwa ajili ya mpwa wangu. Pale mtaani kwangu kuna shule ina walimu wa hesabu wawili. Nimeshaongea nao."

"Umeongea nao kabla ya kuongea na mimi."

"Ndiyo naongea na wewe sasa."

Na wote wawili walijua haki iko wapi. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye neno. Baba anamlisha, anamvika, anamfokea, lakini kauli ya mwisho haiko kinywani mwake. Na shamba hivyohivyo. Matuta yote yale ya kabichi na karoti, kuanzia mlangoni mpaka kule chini kwenye kijito, ni ya ukoo wa Rehema. Laurenti aliyakuta. Ameyapandishia samadi mgongoni miaka nenda rudi, ameyajengea kingo kila mvua ilipozibomoa, lakini aliyakuta. Kristina akiondoka, ndani ya nyumba ile hatabaki mtu wa ukoo. Atabaki kuku mgeni, na kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Hakuna aliyemwambia ahame. Hakuna haja ya kumwambia mtu jambo analolijua. Kwao ni Matombo, upande wa pili wa mlima, na huko dada zake na wana wao walishagawana mpaka tuta la mwisho.

"Nitamnunulia kishikwambi," akasema.

Wala hakuwa amekifikiria. Kilimtoka tu, kama mtu anayeteleza na kushika mgomba.

"Kishikwambi?"

"Si ndicho wanachofundishia siku hizi? Masomo yote yanakuwa humo ndani. Mwalimu wa humo hahamishwi."

Gabrieli akamtazama Kristina, aliyekuwa mlangoni anajifanya anachambua mboga. Akafikiri. Gabrieli si mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi Laurenti. Mtu mbaya unamchukia ukapumzika.

"Haya. Pasaka nitapanda tena. Tutakipima hicho chombo. Kikimtosha, atamalizia hapa. Kisipomtosha, shemeji, tusigombane."

Laurenti akateremka Msamvu na pesa ya karoti zilizong'olewa kabla ya wakati wake, nyembamba kama vidole vya mtoto. Pembeni ya stendi akamkuta kijana anaitwa Luqmani, kibanda chake kimejaa simu mpaka juu.

"Shikamoo, mzee wangu. Karibu, leo umekuja kwenyewe."

"Marahaba. Nataka kishikwambi cha mwanafunzi. Kisiwe cha mbwembwe."

"Hiki hapa. Chuma hiki! Kioo kipana, betri inakaa, memori kadi unaweka. Kwa mwanafunzi hakuna kama hiki."

Laurenti akakipima anavyopima jembe. Akakinyanyua kwa mkono mmoja, akakigonga mgongoni kwa kidole, akakiweka sikioni.

Luqmani akaangua kicheko. "Mzee, hicho si nazi!"

"Plastiki."

"Kwa bei hiyo, mzee, ulitaka shaba?"

"Kikianguka?"

"Kisianguke."

"Huko kwetu hakuna mahali pasipoteremka. Kila kitu kinaanguka. Na mtandao hakuna mpaka upande kileleni, hao wenye minara walikuja wakapiga picha wakaondoka."

"Basi usihangaike. Nakujazia masomo humuhumu kwenye memori kadi. Hesabu za kidato cha kwanza mpaka cha nne, mwalimu anaongea, unamuona. Mitihani iliyopita nayo namwaga. Utaniombea dua."

Na kweli, kijana hakudanganya. Kilipofika nyumbani kiliwaka, mwalimu wa ndani akatokea na shati lake jeupe, akaanza kugawanya duara. Wiki za mwanzo Laurenti alitembea amenyoosha mgongo. Kila jioni anamuuliza mwanawe kama anayeuliza habari za ng'ombe mpya.

"Kinaendaje?"

"Kioo chake hakiumizi macho, baba. Maandishi nayasoma vizuri. Sauti ndiyo ndogo, mvua ikipiga bati simsikii."

"Sogea karibu."

"Nikifungua mitihani na mwalimu kwa pamoja kinaganda. Nafungua kimoja kimoja."

"Mtu mwenyewe anafanya moja moja. Na chaji?"

"Sola yetu inakijaza jua likiwapo."

Jua likiwapo. Masika ilishaanza, na huku juu masika si mvua tu, ni ukungu unaoingia ndani na kukaa kama mgeni asiyejua kuaga. Kuna siku paneli ya sola ilishinda juu ya bati ikachuma umande. Laurenti akailaumu serikali kwa umeme, na kwa ukungu pia akaona wana mkono wao.

Siku moja Kristina akakizima katikati ya somo, akakaa nacho mapajani.

"Nini tena?"

"Kuna mahali sielewi. Huyu mwalimu naweza kumrudisha nyuma mara zote ninazotaka. Anarudia maneno yaleyale. Siwezi kumuuliza."

"Basi uliza wenzako."

"Wenzangu wananiuliza mimi, baba."

Laurenti akachukua jembe akatoka, na mvua inanyesha.

Ikaja wiki ile ambayo nguo haikauki na chumvi inageuka maji kwenye kopo. Kristina akaona mvuke chini ya kioo, kwenye kona, doa la ukungu dogo kama ukucha. Akakifuta, doa halikufutika kwa sababu liko ndani. Akakiacha mezani, akaenda shule. Laurenti akabaki nacho. Kimeingiwa na unyevu. Na unyevu yeye anaujua, hilo halikuhitaji shule. Mbegu ya maharage ikiingiwa na unyevu unaipandisha darini, juu ya meko, moshi uikaushe mpaka msimu. Ndivyo alivyofanya mama yake, ndivyo alivyofanya Rehema, na mbegu ikaota mwaka hadi mwaka. Akachochea moto vizuri, kuni nene, akapanda, akakilaza kishikwambi katikati ya mahindi ya mbegu, kioo kikiangalia chini ili kipate joto sawasawa. Akaenda shambani ametulia.

Aliporudi na kukishusha, mgongo ulikuwa umevimba kama andazi. Kioo kimebanduka upande mmoja, unaweza kupitisha unyasi. Akakibana kwa magoti kirudi. Hakikurudi. Akakata mpira wa baiskeli, akakifunga kiunoni mara mbili, akakirudisha mezani palepale.

Kristina alikitazama kabla ya kuvua begi.

"Baba, umekiweka wapi?"

"Pakavu."

"Pakavu wapi?"

Laurenti akainua macho darini. Msichana akafuata yale macho, akaona nafasi kati ya mahindi, akacheka. Kicheko kikamtoka chote, akashika meza. Kisha kikakatika.

"Baba. Hiki si maharage."

"Nimeona hivyo."

Laurenti akapanda kileleni kutafuta mtandao, akampigia Luqmani. Kijana hakumaliza hata kumsikiliza. "Kimevimba? Mzee, usikichaji! Nakuomba. Betri hiyo itakulipukia. Kiweke mbali na watu, ukija mjini niletee." Laurenti akateremka na maneno hayo peke yake, na kila hatua akamtafuta wa kumlaumu. Akampata mwalimu Abel na godoro lake, akawapata waliomhamisha, akawapata wenye minara na wenye umeme. Alipofika mlangoni walikuwa wameisha wote, na bado alikuwa amebaki mtu mmoja.

Akamwambia mwanawe asikichaji, na lingine hawakuligusa mpaka Pasaka. Asubuhi, wakati wa kwenda misa, alimshika mwanawe kiwiko.

"Mjomba wako akiuliza, utasemaje?"

"Unataka nisemeje?"

Laurenti akatazama njia ya kanisani. Akaachia kiwiko.

Gabrieli alifika mchana, kilo ya nyama mkononi na begi tupu begani. Begi hilo Laurenti aliliona kabla ya kuiona nyama.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina. Karibu, shemeji."

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Umekonda. Haya, huyo mwalimu asiyehamishwa yuko wapi?"

Laurenti akaanza yeye. Akaanzia mbali: shule isiyo na mwalimu, nchi isiyo na aibu, watu wanaokula kabichi za Mgeta kila siku na hawajui Mgeta ina watoto. Alisema vizuri, hata yeye alijisikia anasema vizuri.

"Shemeji," Gabrieli akamkata polepole, "serikali nitaihukumu nikishuka. Kiwashwe."

Kristina akakileta. Gabrieli akakipokea kwa mikono miwili, akautazama mpira wa baiskeli, akapitisha kidole kwenye ule upenyo, akakinusa. Kilinuka moshi. Akabonyeza. Kioo kikabaki cheusi, kikawaonyesha nyuso zao tatu.

"Hakiwaki."

"Kinawaka, mjomba," Kristina akasema. "Chaji imeisha. Jua halijatoka siku nyingi."

"Na huu mpira?"

"Kilianguka. Tumekifunga kisichubuke."

"Na kinakutosha?"

"Kinanitosha."

Alisema bila kupepesa. Laurenti hakuwahi kumsikia mtoto huyu akidanganya, na alikuwa hodari.

Gabrieli akaurudisha mpira wa baiskeli mahali pake. Akakiweka kishikwambi mezani taratibu, akavua viatu, akavisogeza karibu na meko.

"Vizuri. Basi sina haraka. Duka nimemwachia mtu. Nitakaa hapahapa mpaka jua litoke, tukichaji, anionyeshe anachosoma. Kaka wa mtu hafukuzwi kwa dada yake, au vipi, shemeji?"

"Karibu sana," akasema Laurenti. Angesema nini kingine? Nyumba ilikuwa ya dada wa Gabrieli.

"Kuni zimekwisha," akasema Kristina. "Baba, twende tukalete."

Wakazunguka nyuma ya nyumba. Ukungu ulikuwa umeficha matuta yote, hata kingo alizojenga mwezi uliopita hazionekani. Kijito kinasikika tu huko chini. Siku moja jua litatoka. Litatoka tu. Hapo mtoto atakichomeka waya chombo kile chenye betri ya kulipuka, ama akatae mbele ya mjomba wake. Laurenti akachomoa kigogo kilicholowa, akakirudisha, akachomoa kingine.

"Ahsante, mwanangu," akasema akiwa ameinama.

Kristina alichutama kando yake. Alikuwa anazipanga kuni mkononi, kavu juu, mbichi chini, kama alivyofundishwa na mama yake. Alipomaliza hakuondoka.

"Baba, nikuulize. Hili shamba lingekuwa la kwenu, ungeniacha niende?"