Pumba Kwenye Makopo ya Getrude

Siku ile mjinga alikuwa Remigius peke yake. Hata kuku, ambao baadaye alitaka kuwasukumia lawama, walifanya kazi yao ya ukuku tu.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka uliofuata uchaguzi wa vyama vingi. Malori ya mpunga yalipita mtaani kwao Ifakara yakiacha vumbi juu ya kila kitu, isipokuwa maua ya Getrude, mkewe. Tunayaita maua, lakini sifa yake yote ni majani. Krotoni za njano na nyekundu zilikaa kwenye ndoo zilizopasuka, yale ya zambarau kwenye makopo ya maziwa ya unga, na lile alilolipenda kuliko yote, lenye majani mapana umbo la moyo, waridi katikati na kijani pembeni, lilikuwa na debe lake peke yake. Kila asubuhi Getrude alilowesha kipande cha fulana ya kampeni, akapangusa jani moja moja huku akiyasemesha. Remigius alikunywa chai mlangoni akijiuliza ni lini yeye alipanguswa hata jasho.

Hilo angelimeza. Aliyemkwama kooni ni Viktor.

Viktor alikuwa fundi wa reli, leo Chita, kesho Ifakara. Kila akishuka kwenye treni alipita kwao na tawi la kupanda lililoviringishwa kwenye kipande cha gunia kilicholoweshwa. Alichuchumaa barazani na Getrude, vichwa vimekaribiana juu ya kopo, wakijadili kilele kipi kikatwe ili mche utoe matawi na kopo lipi lisogezwe kivulini. Na Getrude alicheka. Si kile kicheko cha kumkaribisha mgeni. Kicheko chenyewe, cha kuegemea ukuta. Remigius, mchekeshaji wa mashine nzima ya kukoboa mpunga alikofanya kazi, hakuwa amekisikia tangu harusi.

Asubuhi moja Sayi, jirani aliyeuza maziwa kwa baiskeli, akafunga breki.

"Remi, huyu wa reli kituo chake ni stesheni au hapa kwako?"

"Ni mgeni wa maua."

"Haya. Ila sisi Wasukuma tukiona ng'ombe wa mtu ananawiri, tunauliza anachungwa na nani." Akakanyaga pedali, akaenda zake anacheka.

Siku hiyo Remigius alishinda mashineni maneno hayo yakimchoma kama mwiba wa samaki. Mchana akapata akili, au alidhani ni akili: kama moyo wa Getrude unapitia kwenye makopo, basi naye atapitia humo humo. Getrude alikuwa gulioni Kiberege, harudi mpaka alasiri. Remigius akajaza kiroba cha pumba laini, ile yenye chenga nyingi. Si mbolea hiyo? Akafika nyumbani, akayatoa maua yote barazani, akayapanga juani uani ili mkewe ayaone tangu barabarani, akamimina pumba mpaka kwenye mashina, akanyunyizia maji. Kisha akaoga, akavaa shati la Jumapili, akajilaza kidogo kumsubiri.

Mtu ambaye kutwa nzima hushika fimbo akifukuza kuku kwenye pumba! Yeye mwenyewe akawapakulia, akalala.

Alipoamshwa na kelele, uani palikuwa na kuku wa mtaa mzima. Makopo yamelala chali. Lile la umbo la moyo lilikuwa limefukuliwa hadi kiazi chake, kimedonolewa, na majani machache yaliyosalia yameungua jua. Getrude alikuwa amesimama katikati, kikapu bado kichwani.

"Nani ameyatoa kivulini?"

"Mimi. Nilitaka kukusaidia. Hawa kuku wa watu ndio..."

"Nilikuomba?"

"Kwani Viktor ulimwomba?"

Getrude akashusha kikapu taratibu. "Ahaa. Kumbe hapa hatuzungumzii maua."

"Tunazungumzia! Mtu mzima atoke na jani Chita! Anafuata nini?"

"Hayo matawi ni ya Mwanasha, mkewe. Mwanasha niliyekaa naye dawati moja shuleni Kisawasawa. Yeye ananitumia, mimi namtumia, mbebaji ni mumewe. Ungeuliza, ungeambiwa."

Palikuwa mahali pazuri pa kunyamaza, lakini Remigius hakupaona.

"Na hicho kicheko? Mnacheka nini?"

"Visa vyako vya mashineni. Anapenda nimsimulie. Cha leo hata sitahitaji kukitia chumvi."

Nje ya ua Sayi, aliyekuwa akirudi na madumu matupu, alikuwa amesimamisha baiskeli, amejiziba mdomo. Remigius alipomwona akapandisha sauti. Angeshindwaje mbele ya Msukuma?

"Hata hivyo! Mke wa mtu na mume wa mtu kila siku barazani! Mwanamume yule ni wa kuchungwa, Getrude. Nasema ni wa kuchungwa!"

Getrude aliinama, akaokota kile kiazi, akakifuta udongo kwa upindo wa kanga.

"Viktor hajawahi kugusa kopo langu hata moja kabla hajaniuliza. Mwanamume wa kuchungwa ni yule anayeshika vyangu bila kuniuliza, na huyo nalala naye kitanda kimoja."