Baba Aliyebaki Nyumbani

Manase aliporudi kutoka vita vya Burma, treni ilimshusha stesheni ya Makanya, akapanda mlima kwa miguu akiwa na sanduku la bati kichwani. Alipoondoka, mkewe Dorkasi alikuwa mjamzito. Sasa binti waliyempata, Esta, alisimama mlangoni akamwambia "Shikamoo" kama anavyoamkiwa mgeni.

Dorkasi alimlaki kwa machozi na kuku wa kuchinja. Lakini wakati wa kula aliweka bakuli moja mbele ya mumewe, na jingine mbele ya kigoda kitupu kando ya mafiga. Manase akainuka akikalie.

"Usikae hapo," Esta alisema. "Hapo amekaa baba."

Manase alicheka. Dorkasi hakucheka.

Ikawa hivyo kila siku. Manase akisema wapande maharage, Dorkasi alikitazama kigoda, akakitegea sikio, kisha akasema, "Tutapanda mahindi." Na mahindi yakapandwa.

Manase alimweleza jambo hilo mwenzake wa jeshini, Zebedayo, walipokuwa wakinywa pombe ya miwa. Zebedayo naye aliporudi kutoka vitani alikuta nyumba tupu. Mkewe alikuwa amechukua watoto na kwenda kwao Hedaru, na kila mtu alimwambia avumilie.

"Tumekwenda kufa, wake zetu wametawala," Zebedayo alisema. "Mwanamke akionewa, kuna mchungaji, kuna wazee. Mimi nilie kwa nani? Kipasue hicho kigoda. Wajue mwenye nyumba amerudi."

Siku iliyofuata, mchana, ukungu ulishuka mpaka kwenye migomba. Manase alichukua shoka. Alipofika mlangoni alimsikia Esta akicheka ndani, na sauti ya mwanamume ikimjibu. Aliitambua. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, ile ya kabla ya vita, isiyo na ukali.

Aliingia. Ndani mlikuwa na Esta tu. Aligusa kigoda, kilikuwa na joto, kana kwamba mtu ameinuka sasa hivi.

Akanyanyua shoka. Mtoto hakulia. Alimwuliza tu, "Ukimfukuza, nani atatuuliza tumelalaje?"

Manase akalishusha shoka. Dorkasi, aliyekuwa akirudi kutoka kufungulia shamba maji ya mfereji, aliwakuta hivyo, jembe begani.

"Ni nani huyu anayekaa hapa, mama Esta?" Manase aliuliza.

"Ni wewe," alisema. "Zililetwa habari kwamba kikosi chenu kimekwisha. Wazee wakataka nirithiwe na ndugu yako. Nikawaambia mume wangu yumo ndani, nikaanza kumpakulia. Mwanzoni nilikuwa najifanya, nisivunjike moyo. Baadaye akaanza kujibu."

"Na mimi niliyerudi?"

"Wewe unaamuru. Tangu umefika hujaniuliza neno."

"Wala wewe hujaniuliza nilikotoka!" Sauti ya Manase ilipasuka. "Mmenipa sahani, mmenipa kitanda. Hakuna aliyetaka kujua. Mnamtaka yule kwa sababu hakuona kitu!"

Dorkasi alimsogelea. Akalitua jembe, akaketi sakafuni.

"Basi nieleze," alisema.

Akaeleza. Alieleza mvua isiyokoma, wenzake waliozikwa matopeni, na kijana wa Ugweno aliyemfia mikononi akimwita mama yake. Alieleza jinsi alivyozoea kuamuru kwa sababu aliyeuliza alichelewa, na aliyechelewa alikufa. Alikuwa hajawahi kulia tangu alipovaa sare. Sasa alilia, na shoka bado liko mkononi. Dorkasi alilichukua polepole, akaliweka kando.

Ndipo Esta alipogeuza kichwa. Macho yake yalimfuata mtu asiyeonekana kutoka kwenye mafiga mpaka mlangoni, kisha nje. Majani makavu ya migomba yalilia uani, kama yanavyolia yakikanyagwa.

"Baba anaondoka," mtoto alisema.

"Anakwenda wapi?" Dorkasi aliuliza haraka.

"Hajasema. Amekuangalia tu."

Dorkasi alikimbilia mlangoni. Huko nje ulikuwa ukungu mtupu. Akapiga ukelele wa msiba, ule ambao miaka yote alikataa kuupiga, akaanguka magoti akimlilia mumewe kwa jina.

Manase alilisikia jina lake likililiwa vile. Hakujua amjibu au anyamaze. Mwishowe alikwenda akapiga magoti kando yake, akamwacha alie.