Marehemu Wetu wa Kasuku

Kumchukia mtu vizuri ni kazi, na sisi wa mtaa wa Mikelenge tulimchukia Amuri vizuri sana. Mchezaji mbovu hana wa kumchukia. Mti wenye matunda ndio unaopigwa mawe. Amuri alichezea Radi, timu ya Kasuku, mtaa wa pili wa mji wetu, na mguu wake wa kushoto ulituharibia Jumapili nyingi kuliko mvua. Mimi nilikuwa na sababu yangu ya nyongeza. Kipa wa timu yetu, Umoja, alikuwa Jules, mdogo wangu wa tumbo moja. Kila bao la Amuri lilipita kwenye mikono ya mtoto wa mama yangu.

Basi tulikuwa tunamzika. Kila Jumamosi ya kuamkia mechi ya Umoja na Radi, wanawake wa Mikelenge tulikata mgomba, tukauvika kitambaa cha njano, rangi ya Radi, tukaulaza katikati yetu na kukaa chini kama watu wa matanga. Mimi, Mwanvua, ndiye niliyeongoza kilio. Kwetu anayeongoza kilio hutaja matendo ya marehemu moja baada ya jingine, na akiruka moja ndugu wanakasirika. Mimi sikuruka. Nilitaja kila bao alilotufunga: siku yake, dakika yake, mguu gani, na Jules alikuwa amesimama wapi. Watu wa Kasuku walikuja kusikiliza, wakacheka mpaka machozi. Amuri mwenyewe aliwahi kuja akasimama nyuma, mikono kifuani, kusikiliza anavyoliliwa.

Mwaka wa 2002, wakati wa vita, mji wetu ulizungukwa na wapiganaji. Shambani hakukuendeka, treni haikuja tena, na chumvi tuligawiana kwa ncha ya kijiko. Lakini mpira tulicheza. Tungefanya nini, tukae ndani tuhesabu milio ya bunduki? Tulimzika Amuri Jumamosi kama kawaida, na Jumapili, dakika ya mwisho, akatufunga bao moja. Jules alilia. Mimi nilitukana mpaka nyumbani.

Jumanne wenye bunduki waliingia Kasuku, wakakamata vijana wa kubeba mizigo yao msituni. Amuri alikuwa mmoja wao. Baada ya wiki kadhaa wachache walirudi, wakasema Amuri alianguka kwenye njia ya kwenda Kama, mbali msituni, na msafara ukamwacha palepale.

Mdomo huponza kichwa, wanasema. Wangu uliponza kichwa cha mwingine. Nilikuwa nimemwita marehemu kwa kinywa changu, mbele ya watu, na sasa alikuwa marehemu kweli. Mama yake alinikuta sokoni. Hakunitukana. Alihamisha tu kikapu chake upande wa pili ili nguo zetu zisigusane. Tangu siku hiyo sikuongoza kilio chochote, cha kweli wala cha mchezo.

Vita viliisha, mpira ukarudi. Nilikwenda uwanjani, nikakaa, nikatafuta wa kumchukia, nikakosa. Wachezaji wa Radi walikuwa wa wastani, na mtu wa wastani huwezi kumchukia kwa moyo wote. Jules aliacha kudaka mwaka uliofuata. Aliniambia mimi dada yake, "Yaya, hawa wananifunga lakini sisikii hata uchungu."

Mwaka huu, zaidi ya miaka ishirini baada ya vita, mwezi wa pili, mwenyekiti wa Radi, Florentin, alinitumia pikipiki nyumbani. Nilidhani ni msiba. Nilipofika Kasuku, kwenye chumba chao pembeni ya uwanja, alinipokea mlangoni.

"Mama Mwanvua, iko muntu moja alitoka Kama. Anasema yeye njo Amuri. Anaomba kufundisha timu yetu ya mabinti."

Nilishika ukuta. "Na weye unasema nini?"

"Miye ile wakati nilikuwa mutoto wa miaka nane. Mama yake alishakufa, nyumba iliungua, picha hakuna. Wenzake wenye wangali hai wako Kinshasa. Na waongo walishakuja wawili kabla yake, kila moja alisema njo yeye Amuri. Leo kamati inakata neno. Tukimukatala, atarudi kwa mashimo ya zahabu, na ule muguu wake hauwezi tena kushuka shimo."

"Sasa munaniita miye, muntu wa Mikelenge?"

Florentin alikuna kichwa. "Wazee walisema hivi: kama sisi tulimusahau, wenye walimuchukia hawawezi."

Niliingia. Kamati ilikuwa imeketi upande mmoja, na upande wa pili, kwenye benchi, alikuwa mwanamume mwenye mvi, meno mawili ya mbele hayapo, mguu wa kushoto umenyooshwa kama wa mtu mwingine. Nilimtazama sana. Sikumtambua. Na nilitaka awe yeye! Niseme ukweli, nilitaka kwa hofu, kwa sababu kama huyu ni Amuri, basi mimi sikumuua mtu.

Nikaketi chini kwenye saruji, mbele ya wazee wa Radi, nikaanza kilio. Sauti ilitoka na kutu. Nikataja bao la Pasaka, dakika ya nane, mguu wa kushoto, Jules akiwa ametoka golini. Nikataja la siku ya mvua. Yeye aliinamisha kichwa tu, akanyamaza. Mwongo yeyote anaweza kunyamaza. Basi nikadanganya makusudi.

"Na lile la Pentekoste, Amuri ee, kwa mguu wa kulia!"

Akainua kichwa. "Hapana, yaya. Ile ilikuwa kichwa."

Karibu niamini, nikajizuia. Bao lile lilionwa na mji mzima, angeweza kuhadithiwa. Nikaenda kwenye la mwisho, lile la 2002.

"Na la mwisho ulituibia, maana ulikuwa umeotea!"

Alisimama. Kwa mguu ule ule mbovu alisimama, benchi likaanguka nyuma yake. "Haikukuwa hors-jeu! Numero tatu wenu alikuwa amechutama pale pembeni ya goli, anafunga kamba ya kiatu! Yeye njo aliniweka sawa! Miaka yote hii niko nawaza ile kamba!"

"Alikuwa nje ya mstari!"

"Alikuwa ndani! Muguu moja ndani!"

Siku ile nilikuwa nimekaa pembe ile ile ya uwanja. Nilimwona namba tatu wetu amechutama, mguu mmoja ndani ya mstari, anahangaika na kamba. Hilo sikumwambia mtu, hata Jules, wala sikuliweka kwenye kilio, kwa sababu lilikuwa linamtetea adui. Ukimtoa namba tatu mwenyewe, ambaye asingethubutu kulisema, duniani tulilijua watu wawili.

"Njo yeye," nikasema. "Njo yeye, huyu mwizi." Nikalia, na safari hii haikuwa mchezo. Florentin akafunga daftari lake.

Wengine walipotoka kwenda kumtangaza, nilimwambia Amuri lililonikaa rohoni. "Nilikuzika, ndugu yangu. Siku tatu baadaye wakakubeba."

Alicheka na pengo lake. "Najua. Muguu ulivunjika, wakaniacha. Nililala pembeni ya njia siku mbili. Nikawaza: nikikufa hapa, ule mwanamuke wa Mikelenge atasema alishinda. Nikaanza kutambaa. Watu wa Kama wakaniokota."

"Na mbona hukurudi?"

Akautazama mguu wake. "Nirudi munione natembea hivi? Muniache kunichukia, munihurumie? Hapana. Ile ingenishinda. Lakini mashimo nayo yamenishinda, yaya, na mpira ningali naujua."

Nilijifuta macho kwa pembe ya kitenge. Nilikuwa na maneno mengi matamu, nikayameza yote.

"Hakuna mwenye anakuhurumia," nikamwambia. "Ulikuwa umeotea."

Alicheka mpaka akashika mbavu, nami nikacheka naye, na wazee wa Radi waliorudi mlangoni wakatutazama kama wendawazimu.

Mwezi wa sita mabinti wa Radi walikuja kucheza kwetu. Jules aliniwekea nafasi kwenye benchi. Amuri alisimama pembeni na fimbo yake, anafoka, na Mikelenge yote ilimzomea kama zamani. Hata watoto ambao hawakumjua walizomea kwa bidii. Dakika ya kumi na tano msichana mmoja mwembamba wa Radi aliwapita mabeki wetu wawili, akafunga. Kabla ya mapumziko akafunga tena. Hakushangilia. Alishika kiuno, akatutazama sisi wa kwenye mabenchi kana kwamba tumemchelewesha.

Joto likanipanda kifuani, lile la zamani, ambalo sikulisikia tangu vita.

"Jules, ule mutoto ni nani?"

"Daniella. Amuri njo alimufundisha."

"Anapiga na muguu gani?"

Jules alikuwa anatabasamu, mzee mzima na magoti yake mabovu. "Yote mbili, yaya."

Nilikaa vizuri kwenye benchi, nikaanza kumchukia.